UZI: Naibu Waziri anasimama Bungeni kujibu asichokiamua. Kazi yake iandikwe au tuendelee hivi hivi?

#1 Mleta uzi (Mtaa_wa_Tatu)

Wakuu, habari za jioni.

Kila Baraza jipya linapotangazwa huwa tunawachambua mawaziri mmoja mmoja: huyu katoka wapi, yule kapelekwa wapi, nani kaachwa. Tukifika kwa manaibu tunapita haraka. Leo naomba tukae kwao, kwa sababu naamini hapo kuna kasoro katika namna Serikali yetu inavyowajibika kwa Bunge, na ni kasoro inayotugusa sisi wa chini kuliko tunavyodhani.

Naanza na Katiba. Ibara ya 54 inawataja wajumbe wa Baraza la Mawaziri: Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na Mawaziri wote. Mwanasheria Mkuu wa Serikali anahudhuria vikao na ana haki zote za mjumbe isipokuwa kupiga kura. Naibu Waziri hayumo. Na si kwamba alisahaulika. Ibara ya 55 inampa Rais mamlaka ya kuteua manaibu, idadi yoyote, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, kisha inasema waziwazi kwamba manaibu wote hawatakuwa wajumbe wa Baraza. Kazi yao imeelezwa kwa ufupi sana: kuwasaidia Mawaziri. Basi, imeishia hapo.

Sasa njoo Dodoma, saa 3 asubuhi. Dua imesomwa, Katibu anaita maswali. Anayesimama mara nyingi ni nani? Naibu. "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Jibu la msingi limeandaliwa na wataalamu wa wizara, analisoma. Shughuli inaanza kwenye maswali ya nyongeza, kwa sababu pale hakuna karatasi.

Chukueni mfano tunaoujua wote. Wananchi wamechanga, wamepandisha boma la zahanati hadi kwenye lenta, halafu limekaa mvua inalinyeshea. Mbunge anauliza Serikali itamalizia lini. Naibu anajibu kwamba Serikali inatambua juhudi za wananchi na itaendelea kutenga fedha kadiri ya upatikanaji. Mbunge anasimama tena: je, uko tayari tuongozane baada ya Bunge ukajionee? "Niko tayari." Huku kijijini watu wamesikia kwenye redio, wanaanza kuhesabu siku.

Swali langu ni hili. Kikomo cha bajeti ya wizara hiyo kilipopitishwa na Baraza, huyu naibu alikuwapo? Hakuwapo. Lakini ndiye anayetoa ahadi, ndiye sauti yake inabaki masikioni mwa watu, na ndiye atakayezomewa akija kwenye mkutano wa hadhara.

Halafu kuna ibara ya 57. Waziri Mkuu akijiuzulu, au kiti chake kikiwa wazi kwa sababu nyingine, viti vya Mawaziri na Naibu Mawaziri vinakuwa wazi pia. Tuliliona Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond na Baraza likavunjwa. Manaibu waliondoka na wakubwa wao. Kwa hiyo kwenye uamuzi hawamo, kwenye lawama wamo, kwenye kuanguka wamo. Hilo ndilo naona halijakaa sawa.

Sisemi wafutwe. Nasema wapewe kazi iliyoandikwa, inayojulikana na Bunge na wananchi. Karibuni, tujadili kwa hoja.

#2 Karani_Mstaafu

Mkuu, umegusa eneo nililolifanyia kazi maisha yangu yote ya utumishi, nitasema ninayoyajua.

Ndani ya wizara kuna mistari miwili. Mmoja ni wa kisiasa: Waziri na Naibu wake. Mwingine ni wa kiutendaji: Katibu Mkuu, Naibu Katibu Mkuu, wakurugenzi, kushuka hadi sisi wa masjala. Mwenye fedha ni Katibu Mkuu, ndiye Afisa Masuuli, ndiye anayekwenda kujieleza mbele ya kamati hesabu zikiwa na hoja. Faili linapanda kutoka kwa ofisa kwenda kwa mkurugenzi, kwa Katibu Mkuu, kisha kwa Waziri. Angalia hapo: Naibu Waziri hayupo njiani. Dokezo linamfikia kama Waziri ameandika pembeni lipelekwe kwake.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea Waziri ni mtu wa namna gani. Nimewahi kufanya kazi chini ya Waziri aliyemwita naibu wake wiki ya kwanza na kugawana naye sekta: hizi idara zako, hizi zangu, kila Jumatatu tunakutana. Yule naibu ndani ya muda mfupi alikuwa anajibu maswali ya nyongeza bila kugeuka nyuma kuangalia wataalamu waliokaa kule kwenye jukwaa la wageni. Nimewahi pia kuona naibu anakaa ofisini siku nzima, meza safi, gari lipo, dereva yupo, anasubiri barua ya kumwakilisha Waziri kwenye ufunguzi wa semina. Siku ya Bunge analetewa jibu usiku anatakiwa kulisoma asubuhi. Huyo mtamlaumu kwa lipi?

Hapo nakubaliana na wewe: kazi isiyoandikwa inategemea hisani ya bosi. Ila nakuomba usidharau upande wa pili, kwamba hiki cheo ni chuo. Sokoine alianza kama naibu waziri mwaka 1967. Kikwete aliingia serikalini 1988 kama naibu kwenye wizara yenye nishati na madini, miaka miwili baadaye akawa waziri kamili. Magufuli alikuwa Naibu Waziri wa Ujenzi kuanzia 1995 hadi 2000, ndipo akapewa wizara yenyewe. Dkt. Hussein Mwinyi alikuwa Naibu Waziri wa Afya kabla ya yote tunayoyajua. Na Kassim Majaliwa ndiye mfano mkubwa kuliko wote: Novemba 2015 alitoka unaibu waziri TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), moja kwa moja akawa Waziri Mkuu, bila kuwahi kuwa waziri kamili.

#3 Bandari_Salama

Samahani wakuu, mimi sioni chuo hapo. Naona mshahara, gari, mafuta, dereva, posho, halafu kazi yenyewe ni kusoma karatasi. Kama Waziri ana wizara moja tu na analipwa kwa hiyo wizara, asimame ajibu mwenyewe. Katibu Mkuu na naibu wake si wapo? Wafutwe tu, hela ikamalizie hayo maboma.

#4 Mwana_Nyanza (Kisumu)

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi ni Mkenya, na huu mjadala naujua kwa sababu kwetu tulifanya hicho anachosema huyo ndugu hapo juu. Tuliwafuta.

Kabla ya Katiba ya 2010 tulikuwa na mawaziri wasaidizi, wote wabunge. Baada ya mapatano ya Februari 2008 tukapata serikali ya muungano: Raila Odinga Waziri Mkuu, manaibu wawili wa Waziri Mkuu, Uhuru Kenyatta na Musalia Mudavadi, na msururu mrefu wa mawaziri na wasaidizi wao, kwa sababu kila upande ulitaka watu wake wawekwe. Wananchi walichoka. Katiba mpya ikaja, mawaziri wasiwe wabunge, wasizidi 22, na cheo cha waziri msaidizi kikaondoka kabisa.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Pale bungeni tukapoteza mtu wa kuulizwa. Wakati ule wa zamani ungemwona msaidizi kama Orwa Ojode wa usalama wa ndani, anasimama anabanwa na wenzake, anajibu, mnacheka, mnakasirika, lakini mmejibiwa. (Ojode na waziri wake, George Saitoti, walikufa pamoja kwenye ile helikopta Juni 2012. Mungu awarehemu.) Baada ya 2013 waziri akawa anaitwa mbele ya kamati, na swali la mbunge likawa linazunguka. Imebidi baadaye kanuni zibadilishwe ili mawaziri wafike ukumbini kujibu.

Na serikali yenyewe ikaanza kutafuta njia ya kuwarudisha wasaidizi kwa jina lingine. Mwaka 2018 wakaletwa wale wanaoitwa CAS (Chief Administrative Secretary), wasaidizi wa mawaziri. Mahakama Kuu ikasema 2021 kwamba vyeo hivyo havikufuata Katiba. Machi 2023 Rais Ruto akateua 50 kwa mpigo. Julai mwaka huohuo mahakama ikafutilia mbali tena. Kwa hivyo ukifuta cheo bila kufuta ile haja iliyokizaa, kitarudi kupitia dirishani, na kitarudi bila hata kiapo cha kuwajibika kwa wabunge. Hapo ndipo ningewaomba mchunge.

#5 Mleta uzi

Mkuu wa Kisumu, asante sana. Hiyo ya kwenu ndiyo inanifanya nisikubaliane na Bandari_Salama, japo uchungu wake wa kodi naushiriki.

Ndugu Bandari_Salama, fikiria waziri mmoja wa wizara kama TAMISEMI. Ana shule, ana vituo vya afya, ana barabara za mijini na vijijini, ana halmashauri zote za nchi. Alhamisi Waziri Mkuu anajibu maswali ya papo kwa papo, siku nyingine maswali ya kawaida yanamwagika, jioni kuna kamati, kesho kuna ziara ya Rais mkoani. Ukisema mtu mmoja abebe yote, atakayejibu kiuhalisia ni mtumishi asiyechaguliwa na mtu yeyote. Bora mbunge mwenzao, anayejua maana ya kurudi jimboni na aibu ya kukosa maji, ndiye asimame.

Kuna jambo jingine huwa halisemwi. Mbunge akishateuliwa naibu, kwa utaratibu hasimami tena kuiuliza Serikali maswali ya jimbo lake, maana na yeye ni Serikali. Watu wake wamepoteza sauti ya kuuliza. Kama kwa malipo ya hiyo sauti wamepata mtu aliye karibu na maamuzi, sawa. Kama wamepata mtu wa kufungua semina, wamepunjwa.

Na Bungeni utaiona tofauti siku ya makadirio. Hoja ya bajeti ya wizara inawasilishwa na Waziri, wabunge wanachangia, halafu wakati wa kuhitimisha naibu anapewa dakika chache za kujibu kabla ya bosi wake. Ikija kwenye Kamati ya Matumizi, wabunge wanaanza "nakusudia kutoa shilingi", yaani kuzuia mshahara wa Waziri hadi atoe maelezo ya kuridhisha, macho yote kwa Waziri. Hapo ndipo unajua nani ana neno. Anayeweza kusema "naondoa kifungu" au "nakubali nitaleta marekebisho" ni mmoja. Naibu aliyejibu mwaka mzima amekaa pembeni yake, anaandika.

#6 Ibara_kwa_Ibara

Nami niingie kwa upande wa sheria, maana mada inasema manaibu na huku tunasahau manaibu wa ngazi ya juu.

Wapo manaibu ambao Katiba imewaandikia hadi hatua ya mwisho. Makamu wa Rais ni huyo. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Hakukuwa na kikao cha kutafuta nani, kwa sababu ibara ya 37 ilishajibu.

Sasa linganisha na Naibu Waziri Mkuu. Nchi yetu imewahi kuwa nao: Dkt. Salim Ahmed Salim kuanzia 1986 hadi alipokwenda kuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1989, Augustino Mrema mwaka 1993, na Dkt. Doto Biteko aliyeteuliwa tarehe 30 Agosti 2023. Itafuteni nafasi hiyo kwenye Katiba, hamtaipata. Ibara ya 54 inasema Rais asipokuwapo kikao cha Baraza kitaongozwa na Makamu, wote wawili wasipokuwapo ataongoza Waziri Mkuu. Orodha inaishia hapo. Wote watatu niliowataja waliingia kwenye Baraza kwa sababu kila mmoja alikuwa pia waziri wa wizara: Salim Ulinzi, Mrema Mambo ya Ndani, Biteko Nishati. Unaibu ulikuwa heshima na kazi alizowapa Rais, uwaziri ndio uliokuwa kiti.

Na si kwetu tu. India mwaka 1989 Devi Lal aliapa akijitaja Naibu Waziri Mkuu, kesi ikafika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa mwaka 1990 kwamba kiapo ni halali kwa kuwa kisheria yeye ni waziri kama mawaziri wengine, hayo mengine ni maelezo tu. Uingereza, ambako mfumo huu wa Waziri Mkuu anayetoka Bungeni umetoka, Boris Johnson alipolazwa kwa korona Aprili 2020 aliyeshika nafasi yake alikuwa Dominic Raab, na wakati huo Raab hakuwa hata na cheo cha naibu waziri mkuu, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwenye cheo cha ziada cha waziri wa kwanza. Alishika kwa sababu Johnson alimwomba amkaimu inapobidi. Wananchi wengi walikuwa wanauliza mamlaka yake yanaishia wapi, na swali lilikuwa la haki kabisa.

Mimi msimamo wangu ni mkali kidogo kuliko wa mleta uzi: cheo chochote cha unaibu kinacholipwa na umma kiwe na mstari wake ndani ya sheria, kuanzia kwa Waziri Mkuu hadi wizarani.

#7 Kiti_cha_Spika

Mmesahau naibu mwenye kazi iliyo wazi kuliko wote: Naibu Spika. Ibara ya 85 inasema anachaguliwa na Wabunge kutoka miongoni mwao, na Waziri au Naibu Waziri hawezi kuchaguliwa kushika kiti hicho. Spika anaweza kutoka nje ya Bunge, Naibu hawezi. Akikaa pale juu, uamuzi wake ni uamuzi wa Kiti.

Tazameni matokeo ya kuwa na kazi iliyo wazi. Anne Makinda alikuwa Naibu wa Samuel Sitta, 2010 akawa Spika. Job Ndugai alikuwa Naibu wa Makinda, 2015 akawa Spika. Dkt. Tulia Ackson alitoka Naibu Mwanasheria Mkuu akawa Naibu wa Ndugai, na Ndugai alipojiuzulu Januari 2022, Februari akawa Spika. Mussa Azzan Zungu alikuwa Naibu wa Tulia, Novemba 2025 akachaguliwa Spika. Wanne mfululizo! Hata usipowapenda wote, huwezi kusema walifika pale hawaijui kazi. Bunge zima liliwaona wakiifanya.

#8 Karani_Mstaafu

Kiti_cha_Spika, hapo umenimalizia hoja niliyokuwa naitafuta. Naibu Spika anajulikana anafanya nini kwa sababu kazi yake haitegemei Spika aamke vipi. Naibu Waziri akipewa hata robo ya hilo, wizara zitabadilika.

Niongeze angalizo moja tu kwa mleta uzi. Ukimwandikia naibu majukumu yake, usimfanye awe waziri wa pili. Nimeona Waziri na Naibu wasioelewana, na watumishi mkawa mnapeleka dokezo moja kwa siri na jingine kwa wazi. Mwaka 2012 baada ya ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mawaziri sita na manaibu wawili waliondolewa kwa siku moja. Kama kuna mahali naibu anahusika kwa haki, ni pale aliposimamia idara fulani na idara hiyo ndiyo iliyoharibu. Pasipo mgawanyo, unamwondoa au unambakiza kwa kubahatisha.

#9 Mleta uzi

Nimesoma yote, nashukuru, na nimebadilika kidogo kutoka nilipoanzia. Nilikuja nikilalamika kwamba naibu hayumo kwenye Baraza la Mawaziri. Baada ya Karani na Ibara_kwa_Ibara, naona Baraza likibaki dogo ni sawa. Tatizo ni kwamba anajibu bila kukabidhiwa.

Kwa hiyo ninachokipigania ni mgawanyo uwe wa maandishi. Waziri akiteuliwa na kupewa naibu, ndani ya muda maalumu aandike idara anazomkabidhi, nakala iende kwa Waziri Mkuu kama kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni, na isomwe Bungeni. Waziri abaki na neno la mwisho, lakini faili la idara hizo lipite kwa naibu kabla ya kufika mezani kwa Waziri. Hapo swali la nyongeza litamkuta mtu anayejua.

La pili ni ahadi. Bunge la India tangu 1953 lina kamati ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi ambazo mawaziri wametoa ukumbini: iliahidiwa lini, imetekelezwa au bado, kwa nini bado. Napenda tuwe na kamati yenye kazi hiyo moja tu. "Niko tayari kuongozana naye" iandikwe, ipewe tarehe, na siku ikipita naibu aitwe aeleze. Kama alikwamishwa na Hazina, aseme alikwamishwa na Hazina, basi Hazina iitwe.

Kuhusu kupunguza idadi, Bandari_Salama, nakuunga mkono. Ibara ya 55 inasema idadi yoyote, na hilo nalitaka liwekewe kikomo. Wizara ambayo Waziri hawezi kuonyesha idara za kukabidhi haihitaji naibu.

#10 Bandari_Salama

Hiyo ya "huna idara ya kukabidhi, huna naibu" nimeielewa, hapo niko na wewe. Sasa mimi mtu wa kawaida nisiye na mbunge wa kunijibu simu, hiyo ahadi ya naibu naipata wapi imeandikwa? Maana ya zahanati yetu niliisikia kwenye redio, nikimwambia mtendaji wa kata ananiambia hakuna kitu kama hicho.

#11 Karani_Mstaafu

Ipo. Inaitwa Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, na tovuti ya Bunge inaziweka kwa Mkutano na kwa tarehe ya kikao. Wewe tafuta siku uliyosikia, fungua sehemu ya Maswali na Majibu, angalia jina la mbunge wenu. Utaona swali lina namba, jibu la msingi, halafu chini yake maswali ya nyongeza na majibu yake neno kwa neno. Chapisha ukurasa ule, pigia mstari sentensi ya naibu, ambatanisha na barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, nakala kwa ofisi ya mbunge. Omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako na ubaki nayo. Ukikwama kwenye tarehe, niandikie hapa mwezi na jimbo, tutaitafuta pamoja.